Saa Hutiwa Ufunguo Kila Ijumaa

Jumamosi, 18 Aprili 1942

Leo nimeanza eda. Kwa miezi minne na siku kumi nitakaa ndani ya nyumba hii ya Kibokoni, nisitoke, nisijipambe, nisionekane na mwanamume asiye maharimu yangu. Mume wangu Sheikhan, baharia, amefia bahari kuu. Barua iliyoletwa inasema meli yao ilizama na hakuna aliyeokoka. Mimi Mwanakuu, mwenye miaka ishirini na mitatu, leo naitwa mjane.

Mavyaa wangu Bimdogo, mamake Sheikhan, amenisomea masharti. Nisikae barazani. Nisisogee dirishani. Nisipande darini, maana mbao za juu zimeoza kwa mvua na jirani aweza kuniona akiwa kwenye paa lake. Yale mawili ya kwanza nayajua tangu utotoni. Hilo la tatu ni geni kwangu, lakini huu si wakati wa kubishana na mama aliyefiwa na mwanawe. Tumebaki wawili tu katika nyumba. Mimi na yeye hatujawahi kupendana sana, ila leo alinishika mkono akalia, nami nikalia naye.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimekula tende mbili.

Jumatano, 29 Aprili

Bi Truphosa amekuja kunipa pole, na chini ya kanga alikuwa ameficha daftari. Huyu ni mwalimu, Mkristo wa kutoka bara, mke wa Joab karani wa reli. Alianza kunifunza Kiingereza mwaka jana, Sheikhan akiwa radhi. Tarehe hizi za Kizungu naziandika kwa amri yake. Asema anayetaka lugha ya watu na aanze kwa kuhesabu siku zao.

Ameniletea habari. Skuli moja ya wasichana inatafuta mwanamke wa Kiislamu wa kufundisha darasa la chini, naye awe anajua Kiingereza. Mtihani utakuwa Jumatano, 26 Agosti. Nimehesabu kwa vidole, kwa miezi ya mwandamo: eda yangu itakwisha Jumatatu ya wiki ile ile.

Habari nyingine imetoka Lamu. Kaka yangu Abdulghafur ameandika kwamba eda ikiisha atakuja kunichukua, na kwamba ameshanipatia mume, mzee mwenye maduka matatu na meno mawili. Basi mambo ni hayo. Nikipita mtihani nina mahali pa kusimama na neno la kumwambia kaka yangu. Nikianguka, ni Lamu.

Jumapili, 3 Mei

Mavyaa anatundika vitambaa vyeusi madirishani, amri ya vita, mwanga usionekane nje usiku. Nyumba sasa ni giza mchana na usiku.

Jumatano, 13 Mei

Somo la leo ni gumu. Bi Truphosa ataka sentensi za mambo yanayofanywa, bila kumtaja anayefanya, na ndani yake niseme yanafanywa mara ngapi: siku zote, aghalabu, mara chache, kamwe. Kwetu jambo hili ni jepesi. Nikisema mlango hufungwa, nimemaliza. Waingereza hawana hu- yetu, wana vijineno, na kijineno hukaa katikati ya maneno mawili ya kitendo kama mtoto anayelala baina ya mama na baba. Nilikiweka mwisho, akanisahihisha. Nikakiweka mwanzo, akanisahihisha tena kwa upole unaoudhi kuliko ukali.

Ameniachia kazi: sentensi kumi juu ya nyumba yangu mwenyewe. Aliniambia, "Dada, usitunge. Tazama tu kinachofanyika hapa, kisha andika."

Ijumaa, 15 Mei

Nimeandika tisa bila taabu. Mlango wa nje hufungwa siku zote. Kahawa aghalabu hupikwa baada ya Alasiri. Mlango wa darini haufunguliwi kamwe. Kisha nikatafuta ya kumi, nikainua macho, nikaiona saa ya ukutani pale ukumbini, nikaandika: The clock is always wound on Friday. Saa hutiwa ufunguo kila Ijumaa.

Nikaisoma kwa sauti nijisikie. Nikaweka kalamu chini.

Saa ile ni ya Sheikhan. Aliinunua Bombay, na haigusi mtu ila yeye. Kila Ijumaa, adhana ya Adhuhuri ikitoka, huitia ufunguo mizunguko kumi na mmoja kisha huenda msikitini. Akisafiri saa husimama baada ya siku nane, na akirudi huiamsha yeye mwenyewe. Tangu tuoane imekuwa hivyo. Sheikhan alitoka humu mwezi wa Machi, sasa ni wiki ya saba, na saa inakwenda. Ilikuwa ikienda siku ya barua. Ilikuwa ikienda nilipokuwa nikipiga kelele sakafuni. Inakwenda sasa hivi ninapoandika.

Nilimfuata Bimdogo jikoni nikamwuliza kama ndiye anayeitia ufunguo. Alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Mwanangu, saa ile mimi siigusi," akasema. "N'na bega bovu, nitaifikiaje?"

Mimi nilidhani ni yeye. Yeye labda alidhani ni mimi. Sikuuliza zaidi, kwa kuwa mkwe hamkalii mavyaa wake kitako akamhoji, hasa msiba ukiwa mbichi. Lakini niliona mchele umemwagika chini naye hakuuokota.

Jumatano, 20 Mei

Bi Truphosa amefurahia sentensi zangu zote kumi. Halafu akageuza kalamu akaigonga ile ya mwisho. Asema somo lijalo ni kuongeza mtendaji mwishoni. "Hii saa, anayeitia ufunguo ni nani?" Nikamwambia sijui. Akacheka akidhani nimefanya mzaha, kisha akanitazama vizuri akaacha kucheka.

Jumapili, 24 Mei

Saa imesimama. Saa nne na dakika kumi na saba.

Niliuliza, na aliyekuwa akiitia ufunguo amenisikia.

Alhamisi, 28 Mei

Nyumba imekuwa kaburi. Sikujua ile tiki-tiki ilikuwa ikinishika mkono hivyo. Nimesoma yasini mara tatu. Nimemwambia Mungu kwamba kama ni roho ya mume wangu, sikutaka kuifukuza, nilitaka kujua tu. Leo mavyaa alipolala kidogo baada ya Adhuhuri nilikwenda ukumbini, nikasimama chini ya saa, nikasema kwa sauti, "Rudi basi. Sitauliza tena." Mvua ilikuwa imekatika na hapakuwa na mshindo wowote, ndani wala nje.

Ijumaa, 29 Mei

Inakwenda.

Nilimaliza kusali Adhuhuri chumbani kwangu, nikatoa salamu kulia, nikatoa salamu kushoto, nikaisikia. Mavyaa alikuwa bado chumbani kwake juu ya msala. Mlango wa nje ulikuwa na komeo lake. Nilikaa nikatetemeka mpaka Alasiri, na nisema kweli, sehemu ya tetemeko lile ilikuwa furaha.

Ijumaa, 5 Juni

Nimeweka kikombe cha kahawa ya tangawizi juu ya meza iliyo chini ya saa, kabla ya adhana. Baada ya sala nimekikuta kitupu, mashapo chini, na kikombe kimegeuzwa kishikio chake upande wa kulia, kama Sheikhan alivyokuwa akikigeuza.

Jumanne, 9 Juni

Leo Magharibi mambo yalikuwa karibu kuharibika. Askari wa taa alipiga mlango kwa fimbo, akasema ameona mwanga dirisha la juu, amri ya serikali imevunjwa, ataka kuingia apande. Nilikuwa nyuma ya pazia. Bimdogo alisimama mlangoni na mwili wake mdogo ule, hakupandisha sauti.

"Humu muna mtu wa eda, mwanangu," akamwambia. "Wewe ni Muislamu. Wataka kuipita heshima ya eda kwa ajili ya taa?"

Askari akaomba radhi akaenda zake. Mavyaa akakaa kitako palepale mlangoni, jasho likimtoka, ilhali upepo wa kusi ulikuwa wa baridi. Nilimletea maji. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee, nikamhurumia. Nikafikiri: hata yeye anamwogopa aliye juu. Tangu leo naamini kwamba roho ya Sheikhan hukaa darini, kwa kuwa pale ndipo alipozaliwa.

Jumatano, 17 Juni

Sikufanya kazi ya Bi Truphosa.

Jumatano, 1 Julai

Wala leo.

Ijumaa, 3 Julai

Kahawa na kipande cha mkate wa mofa. Vyote viwili vimeliwa.

Alhamisi, 9 Julai

Bimdogo hufunga kila Jumatatu na Alhamisi, na mimi chakula hakinipiti kooni. Lakini sufuria husuguliwa ikang'aa na wali haulali kamwe katika nyumba hii. Mtungi hujazwa asubuhi, na ifikapo jioni u nusu. Zamani mambo haya yangenitisha. Sasa nayaorodhesha kama mtu anayeorodhesha fadhila za mumewe. Nimekonda hata bangili ya kila siku, niliyoivua nikaiweka sandukuni, leo nilipoijaribu imepita mpaka kiwiko. Nikaivua upesi, maana kujipamba ni haramu kwangu.

Jumatano, 22 Julai

Bi Truphosa leo amenikasirikia, naye si mtu wa hasira. Wiki tano sijaandika hata mstari. Nilimwambia pengine sitaki tena skuli. Pengine nitamwomba kaka yangu aniache niishi humu humu na mavyaa, maisha yangu yote, nitunze nyumba. Sikumwambia kuhusu kahawa.

"Dada Mwanakuu," akasema, "mimi sijui mambo ya eda, na siyaingilii. Lakini nilikuja hapa Aprili nikamkuta mtu aliyefiwa. Leo nakuta mtu anayekufa."

Kisha akafungua daftari penye ile sentensi ya saa, akaniwekea wino mbele yangu, akaondoka. Nimechukia. Nimeandika sentensi ishirini kwa chuki tu.

Jumatatu, 3 Agosti

Nasoma asubuhi na jioni. Vile vijineno sasa vinakaa mahali pake bila kusukumwa. Bado wiki tatu.

Ijumaa, 7 Agosti

Naandika haya mkono wangu ukiwa imara. Nataka hilo lijulikane.

Leo nilikuwa katika siku zangu, sisali. Miezi yote ya eda zilikuwa zikiisha Alhamisi, na mwezi huu zimechelewa. Jambo hili mkwe hamwambii mavyaa. Adhana ilipotoka Bimdogo aliingia chumbani kwake, nami nikaingia changu kama kawaida, nikarudisha mlango. Ila badala ya kutandika msala nilikaa sakafuni na daftari, na mlango wangu haukushika vizuri, ukabaki wazi upana wa vidole viwili. Kahawa ilikuwa mezani.

Nikasikia ngazi ya darini. Zile mbao zilizooza hazikulia hata kidogo. Mtu aliyeshuka alijua kila moja pa kukanyaga.

Nilianza kusoma ayatul-kursiy nikaisahau katikati, mimi niliyeihifadhi tangu nina miaka sita. Nikaona kwanza miguu, peku. Kisha shuka ya nyumbani. Kisha mkono ukafungua kioo cha saa, ukatwaa ufunguo, ukaanza. Nilihesabu. Mmoja, wawili, watatu. Kwa kila mzunguko aliugeuza mdomo wake kidogo, kama afanyavyo. Kumi na mmoja. Akafunga kioo. Akageuka kuchukua kikombe, na mwanga wa ukumbini, ingawa hafifu, ukampata ubavuni.

Marehemu alikuwa amenenepa.

Hilo ndilo lililonirudishia akili. Ningaliona jeraha, ningaliona mwani nyweleni, ningaliamini mpaka kufa kwangu. Lakini tumbo lilikuwa limeijaza shuka, na shingo ilikuwa na mikunjo miwili mipya. Mzuka haunenepi. Alikunywa kahawa yangu kwa raha, akakigeuza kikombe upande wa kulia, akapanda.

Sikulia. Nilibaki pale mpaka mavyaa akamaliza uradi wake. Saa ilikuwa ikinigonga kichwani.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimemkabili Bimdogo. Nilimwambia tu, "Mama, mbao za darini si mbovu." Akaweka chini alichokuwa nacho, akakaa, akanieleza yote bila kuzungusha, kama mtu aliyechoka kubeba.

Asubuhi ya kusafiri Sheikhan aliiota meli ikiungua. Akashuka kabla haijang'oa nanga, akarudi kwa miguu nyuma ya maghala ya Shimanzi, akaingia mlango wa uani. Siku ile mimi nilikuwa arusini Majengo. Mama akampandisha darini wafikiri la kufanya, kwa kuwa kuikimbia meli wakati wa vita ni kifungo. Walikuwa bado wanafikiri, wiki ya tatu, barua ikaja kwamba meli imezama na wote waliokuwamo wamekufa. Baada ya hapo hakukuwa na njia ya kushuka. Angetokea, angeulizwa amejuaje kwamba meli itazamishwa, na wakati huu watu hunyongwa kwa maswali kama hayo.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Alitazama mikono yake.

"Wewe hujui kuigiza, mwanangu. Watu wakiya, wakiyaona matozi yako, wenda zao. Hapana aliyeuliza neno. Matozi yako ndiyo yaliyokuwa kufuli ya nyumba hii."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Ile eda haikuwa yangu. Niliwekwa mlangoni kama pazia, na waliponikuta nikilia kweli, wakaona pazia ni zuri. Yale masharti yote, baraza, dirisha, dari, yalikuwa ya kumlinda yeye, na mimi niliyashika kwa kumpenda. Ile saa tu hawakuipanga. Sheikhan hakuweza kuivumilia ikisimama. Mamake aligombana naye wiki ile niliyouliza, mwanawe akaacha, kisha akanisikia nikimwita arudi.

Nilipanda. Hakuna aliyenizuia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, nikaketi kwenye kidato cha juu cha ngazi. Alinijua kwa pumzi.

"Mwanakuu," akasema, "nalikuwa nikikusikia ukilia kila siku."

Nikamwuliza, "Na ulikuwa ukila?"

Sikungoja jibu. Niliteremka.

Jumapili, 9 Agosti

Kaka yangu anakuja kumwoza mjane, na mimi si mjane. Nikinyamaza nikaolewa, ni zinaa mchana kweupe. Nikisema, Sheikhan atanyongwa. Limebaki lile daftari la Bi Truphosa.

Alhamisi, 13 Agosti

Nasoma.

Jumatatu, 24 Agosti

Leo Magharibi eda imekwisha. Wanawake wa mtaa walikuja, wakaniosha, wakanifukiza udi, wakanivisha kanga mpya. Walinisifu. Walisema hawajaona mjane aliyekaa eda kwa adabu kama mimi. Bimdogo alisimama pembeni ameinamisha kichwa. Niliwashukuru mmoja mmoja. Juu yetu palikuwa kimya kabisa, na mimi peke yangu nilijua ukimya ule una umbo gani.

Jumanne, 25 Agosti

Abdulghafur amefika. Kabla sijafungua mdomo, mavyaa alisema Mwanakuu haolewi kutoka nyumba hii akiwa yeye Bimdogo yu hai, na kama kaka ana neno, basi na amwambie yeye. Kaka yangu aliduwaa. Aliuliza nitaishije. Nikamwambia asubiri kesho. Akasema atasubiri kesho, na kama hakuna kitu, keshokutwa tunasafiri. Mimi na Bimdogo hatukutazamana. Hilo ndilo nililomtaka anilipe, naye amelipa.

Jumatano, 26 Agosti

Jua lilinichoma macho njiani. Miezi minne sijaliona.

Memsahibu wa skuli ni mrefu, ana miwani, si mkali. Bi Truphosa alikaa kando yake, mikono mapajani. Nilisoma ukurasa mmoja, nikaandika imla, nikakosea maneno mawili. Kisha memsahibu akasema nizungumze juu ya nyumba yangu, mambo yanayofanywa humo na yanafanywa mara ngapi. Nilijua Bi Truphosa ndiye aliyemwambia aulize hivyo, kunisaidia.

Nikasimama. Nilisema mlango wa nje hufungwa siku zote. Nilisema mtungi hujazwa asubuhi, na wali hauachwi kamwe. Nilisema saa hutiwa ufunguo kila Ijumaa. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaniomba moja zaidi, yoyote. Sikutaka kuanza kazi ya kufundisha watoto kwa uongo, na sikutaka kumpeleka mtu kwenye kitanzi.

Nikasema, "My husband is never seen." Mume wangu haonekani kamwe.

Memsahibu akainamisha macho, akaniambia pole sana. Akaandika kitu katika karatasi yake, akaandika kwa muda. Bi Truphosa hakuinamisha macho. Alinitazama, na nikaona ameikumbuka ile sentensi ya kumi, na swali lake, na vile nilivyojibu kwamba sijui. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akanijazia maji katika glasi akaniletea.

Nimechukuliwa. Naanza Jumatatu. Kaka yangu ameisoma karatasi mara mbili na kesho anarudi Lamu peke yake.

Ijumaa, 28 Agosti

Nimehamishia vitu vyangu kwa shangazi yangu Mwanatumu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Bimdogo hakunizuia. Nilimwambia nitapita kumtazama, naye akasema, "Upite, mwanangu," na nilijua tunamzungumzia nani.

Kabla ya kutoka adhana ya Adhuhuri ilitoka. Nikavuta kiti, nikapanda, nikafungua kioo cha saa na kuutwaa ufunguo. Sikuwa nimewahi kuugusa. Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Nikaanza kuuzungusha, mmoja, wawili, na nilipofika wa watatu nikasikia kidole kikigonga ubao wa dari juu ya kichwa changu, kwa kila mzunguko pigo moja, hadi kumi na mmoja. Nikafunga kioo. Huko juu kidole kikaendelea kugonga, kumi na mbili, kumi na tatu, taratibu, kama mtu anayehesabu siku asizojua mwisho wake.

Eda yangu ilikuwa ya miezi minne na siku kumi. Nikavaa buibui nikatoka, na mavyaa akafunga mlango nyuma yangu.